Mrusha nazi wa Kibiti anayepima mikono ya golikipa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana, mbuzi ya nazi inakwaruza nyuma ya nyumba. Biasha anakuna nazi ya vitumbua. Ameitoa mbuzi nje, upande wa jikoni, ili mumewe apate kulala kidogo zaidi.

Mume ameshaamka. Mshamu Sadala, mwenye umri wa miaka 47, mpakiaji wa nazi hapa Kibiti, ameketi kitandani akinyoosha vidole kimoja kimoja. Viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Vilivunjwa na mpira zamani. Biasha akimaliza kukuna, anaingia na mafuta ya nazi kidogo kwenye kifuniko cha chupa na kumpaka bila kuambiwa.

"Leo utasema ndiyo au hapana?" anamuuliza.

"Leo lori linaondoka," anajibu Mshamu. "Nisiposema leo, nimesema hapana."

Neno hilo linamhusu Tamimu, kijana wa miaka 19 kutoka Umwe. Timu moja ya Temeke, Dar es Salaam, inatafuta golikipa. Kocha wa timu hiyo, Hemedy, aliwahi kucheza na Mshamu. Alimtuma dereva wa lori la nazi na ujumbe mfupi: nitafutie mtu, neno lako linatosha.

Mshamu alizaliwa Dimani, jirani na hapa. Kwa miaka kumi na miwili alilinda lango la timu ya kiwanda kimoja cha nguo huko Dar es Salaam. Mwaka 1992 kiwanda kilipunguza wafanyakazi.

"Walianza na sisi watu wa mpira," anasema. "Walisema kiwanda kinataka vitenge, si magoli. Sikukasirika. Nilirudi nyumbani na begi na glovu."

Sasa, mwaka 1995, malori ya watu binafsi yanakuja kununua nazi bila kupitia ushirika, na wapakiaji wana kazi. Siku ikiwa nzuri, kila mmoja anaondoka na shilingi 800. Siku lori likikwama kwenye matope, anaondoka na vitumbua vya Biasha.

Kupakia kuna utaratibu wake. Nazi zilizofuliwa makumbi yake zinalundikwa kando ya barabara. Mshamu anasimama chini na kurusha mbili kwa mkupuo, kwa sababu nazi huhesabiwa mbili mbili. Tamimu, juu ya lori, anadaka moja kwa kila mkono. Bila kugeuza uso, anazipeleka nyuma yake, ambako mpangaji wa nazi, Ridhiwani, anaita, "Leta!" Jozi nyingine huwa tayari iko hewani.

Hapo ndipo Mshamu alipomwona kijana.

"Watu hutazama golikipa anavyoruka," anasema. "Mimi nasikiliza. Mkono mgumu ukidaka nazi, unalia pa! Huyu hadi leo sijamsikia. Mkono unarudi nyuma kidogo, unaipokea kama mgeni."

Lakini mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomtia shaka. Wiki mbili zilizopita wapakiaji walicheza na vijana wa kijiji cha Mkongo. Ilipigwa kona kali. Tamimu akapanda juu ya vichwa vyote, akaudaka mpira kwa utulivu, akatua, kisha akaupeleka nyuma yake. Nyuma hakukuwa na Ridhiwani. Kulikuwa na goli.

"Kapakia!" uwanja mzima ukapiga kelele. "Dereva, washa! Lori limejaa!"

Tamimu anasimulia mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa. "Mikono ilifanya kazi yake, mjomba. Mimi nilikuwa sijafika."

Mshamu anaitwa mjomba na vijana wote wa pale. Siku ile hakumgombeza. Alichoona ni kwamba Tamimu aliuchukua mpira mwenyewe, akaupeleka katikati ya uwanja, na njiani akawaomba radhi mabeki wake mmoja mmoja. Kwa kipimo cha Mshamu, hilo nalo ni kudaka.

Asubuhi iliyofuata alibadilisha kazi. Alimhamisha Ridhiwani kutoka nyuma ya Tamimu akamweka mbele yake. Tamimu akaamriwa kuzikumbatia nazi kifuani kwanza, atulie, ndipo azitoe.

Kazi ikawa ya polepole. Wapakiaji hawa hulipwa kwa lori, na lori likichelewa, la pili huwapita. Hakuna aliyenuna, ila Ridhiwani alikuwa na la kusema kila siku.

"Hii nazi au mtoto mchanga? Mbusu basi, umnyonyeshe!"

"Ngoja acheue kwanza," Tamimu anamjibu, na jozi inashuka mikononi mwa Ridhiwani taratibu.

Hemedy hana nafasi ya kumfundisha mtu tabia mpya. Timu yake inalishwa na mfanyabiashara wa magodoro.

"Zamani timu ilikuwa ya kiwanda, golikipa akikosea kuna mechi nyingine," anaeleza Mshamu. "Sasa ni ya mtu mmoja. Kijana akimpakia goli moja tu mbele yake, kesho yuko stendi na begi. Na hapa nafasi yake juu ya lori itakuwa imeshachukuliwa. Ndiyo maana sitaki kusema kwa mapenzi."

Mama yake Tamimu, Bi Mwanaamina, analima mpunga Umwe. Ametuma salamu fupi: Mshamu akisema aende, aende; akisema abaki, asinung'unike.

Alasiri lori limejaa. Dereva amejinyoosha kivulini, chini ya bodi ya lori. Wapakiaji wanakwenda kwenye uwanja ulio nyuma ya lundo la makumbi ya nazi, wenye milingoti ya miti na usio na nyavu. Mshamu anamwita Ridhiwani pembeni na kumnong'oneza. Ridhiwani anakwenda kusimama nyuma ya goli.

Mipira inaanza kupigwa, ya chini, ya juu, ya kushtukiza. Kila Tamimu anapodaka, sauti inatoka nyuma yake.

"Leta!"

Bega la kijana linacheza. Anaubana mpira kifuani.

"Leta, bwana, giza linaingia!"

Anaubana tena. Wapakiaji wanacheka, na yeye anaanza kutabasamu. Kisha unakuja mpira mkali wa juu. Anaudaka, anatua vibaya, na Ridhiwani anaita. Mikono inakwenda nyuma. Mpira unavuka mstari.

Safari hii hata Ridhiwani hatanii. Anauokota mpira, anaufuta mchanga kwa shati lake na kumrudishia mkononi.

"Piga tena," anasema Tamimu.

Wanapiga hadi jua linapoinama. Mikono hairudi nyuma tena.

Mshamu anakwenda kwa dereva. Anasema polepole, na Tamimu anasikia.

"Mwambie Hemedy anakwenda. Mwambie sijaona mikono laini kama hii. Mwambie pia ana ugonjwa wa kupakia, leo umemrudia mara moja, akauponya mwenyewe. Yote mawili uyafikishe. Ukipeleka moja, umenidanganyia mtu."

"Nimeyashika, mzee," anasema dereva.

Kesho asubuhi juu ya lori atasimama Ridhiwani, ambaye mikono yake, kwa maneno ya Mshamu, inalia kama ngoma. Mshamu hajali. Mpango wake ni kila Ijumaa jioni kuwadakisha vijana wa Kibiti mpira katika uwanja ule ule, mbali na nazi.

Tamimu anapanda na mfuko wake. Anaketi juu ya nazi alizozidaka asubuhi. Biasha amefika na vitumbua ndani ya gazeti. Kimoja kikubwa amekifunga peke yake, cha utingo, msaidizi wa dereva, ambaye bila hicho hatakula mpaka wafike.

Lori linawashwa. Mshamu anashika bodi kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Gari la Umwe linapita hapa hapa," anamwambia Tamimu. "Siku ukirudi, ushuke."

"Na nikirudi nimefukuzwa, mjomba?"

"Siku hiyo ndiyo hasa. Ukiwa na kombe utashuka bila kuambiwa. Ukiwa na begi tu, utataka kuinamisha kichwa dirishani mpaka Kibiti iishe. Usinipite. Shuka, uje utuone."