Niligomesha parking nzima juu ya kicheko cha bibi yangu

Admin, ficha jina langu na namba ya plaque ya moto yangu pia, juu hapa Butembo batu wanajua plaque kuliko uso.

Niko mwanaume wa miaka 34, motard, ninabeba abiria kwa pikipiki, baba wa batoto wawili. Masomo niliacha mwaka wa pili secondaire, mais musinihurumie: nimefika Kampala mara nne, na abiria ninawabembeleza kwa lugha tano. Pale parking, kwenye motard tunangojea abiria, nikifungua kinywa, hata mwenye kufiwa anacheka. Donc muelewe uchungu wangu: mutu mumoja tu alikuwa hacheki tena vichekesho vyangu, na mutu ule ni bibi yangu.

Tumuite Kavira. Yeye na mama yake walikimbia vita upande wa Beni, nikamuoa hapa. Alipata kazi ya kupima essence, ni kusema petroli, kwa depot moja. Mwenye depot ni muzee muislamu wa Beni, zamani dereva wa malori, wote tunamuita Hadji. Mimi ninanunua palepale, donc niliona kwa macho yangu: Hadji anasema kitu kidogo, Kavira anacheka mpaka anashika mbavu, essence inamwagika. Na kichekesho chenyewe? Eti dereva alisimamisha lori kwa sababu ya kuku barabarani, kuku akamwambia, “Pita tu, mimi sina haraka.” Batu ya Mungu, hiyo nayo ni kichekesho?

Kisha akamununulia mabotte ya mvua. Wafanyakazi wote walipata, ndiyo, mais mimi niliona miguu ya bibi yangu tu.

“Ule muzee anakutakia nini?” nikamuuliza.

“Papa Exaucé,” akanijibu kwa jina la mwana wetu (nalo nimelibadilisha), “ule ni kama baba yangu.”

“Baba gani ananunuliaka bibi ya mutu mabotte?”

“Wewe ungeninunulia, ningevaa ya kwako.”

Moyo ulikuwa unachemka kama sufuria ya maharagi.

Wakati uleule vita ikasumbua barabara ya Kasindi, kwenye essence inapitiaka kutoka Uganda, bei ikapanda, ikapanda tena. Vieux Paluku, président wa parking yetu, akataka ville morte. Nikasimama juu ya siège ya moto.

“Ville morte mpaka lini? Tunafunga maduka, kesho yake bei inatukuta palepale. Hii mara tufunge matanki! Siku tatu, hakuna kununua hata tone!”

“Na mwenye atanunua kwa kujificha?” mumoja akauliza.

“Tumwage essence yote kwa mabidon, tufungie kwa Vieux. Kila asubuhi atumbukize kijiti kwa tanki ya kila mutu. Kijiti kikitoka kimelowa, mutu huyo atafute parking ingine. Kampala walifanya hivi, bei ikaanguka!”

Uongo mtupu. Kampala nilikwenda kununua pneu za moto tu. Mais parking zote za muji zikafuata, na hakuna aliyejua kwamba mimi nilikuwa ninapiga vita na depot moja.

Muji ukatembea kwa miguu. Mama mumoja alitoka Vuhovi na ndizi mgongoni, kamba kwa paji la uso, akasimama mbele yangu: “Mwana wangu, essence itashuka, mais hizi ndizi si zitaniivia mgongoni?” Haya ilinishika. Nikaweka ndizi zake juu ya siège, nikasukuma moto kavu mpaka soko.

Siku ya tatu bei ikashuka kweli! Tulipiga mahoni, wakanibeba kwa mabega kama mbunge.

Nyumbani nikakuta Kavira ameketi mulangoni. “Hadji ametusimamisha kazi sisi wafanyakazi wote watatu. Siku hizi tatu hakuuza kitu.”

Ndani yangu, Mungu anisamehe, nilicheza ndombolo. Nikamuambia kwa sauti ya asali, “Pole, chérie. Mais sasa umepumzika na vile vichekesho vyake vibaya.”

Akaniangalia. “Vilikuwa vya baba yangu.”

Ndipo nikajua. Hadji na baba ya Kavira walikuwaka wanaendesha lori moja, mpaka siku baba alipouawa njiani. Kila siku Hadji alikuwa anamupa Kavira kichekesho kimoja cha marehemu. “Kile cha kuku, baba alikisemaka tukikula. Nilikuwa nimekisahau, Papa Exaucé.” Nilitafuta mahali pa kuweka uso wangu. Na yeye akaongeza, “Mais si kitu. Ule mugomo uliufanya juu ya batu wote. Baba angekupenda.”

Bei haikukaa chini hata wiki mbili. Vita ikarudi barabara ya Kasindi, malori hayakupita, essence ikapita bei ya kwanza. Nilielewa hivi: mwenye depot anaogopa mugomo wakati matanki yake imejaa. Barabara ikifungwa, yeye mwenyewe hana kitu. Utamugomea nini?

Mais banamotard hawasikii. Wanataka mugomo mwingine, na Vieux Paluku ananiachia kiti chake cha président. Jumapili, misa ikiisha, wananipa cheo. Kavira ameshonesha nguo, anasema kwa majirani, “Muume wangu hakuangalia hata kazi ya bibi yake.” Kila akisema vile, ninatoka inje kusafisha moto. Nikitaka kuomba Hadji amurudishe kazini, ataniuliza nani alianzisha mugomo na sababu gani. Na wivu haujaisha, wapendwa. Sasa ninamuonea wivu baba-mkwe, mutu aliye kaburini!

Nyinyi mulio na ndoa, munisaidie: nimuambie bibi yangu ukweli kabla ya Jumapili, ao nikae kwa kiti na nifunge mudomo? Matusi nitapokea, mais muweke na shauri. Na mujibu mbio, juu Kavira naye anafuataka hii page, na simu yake iko kwa jirani inachajiwa mpaka saa kumi tu.