Gari la Marehemu Florentin

Noeli ya mwaka 1971, baada ya misa, Kalonji, aliyebatizwa Florentin, alipanda juu ya kreti ya bia pale kambi ya reli, Kindu, akasema mbele ya watu wasiopungua sitini: "Muniangalie muzuri. Mi Florentin, siku motokari yangu itapita mu avenue, hata komisera atatoka mu barabara anipishe."

Watu walipiga makofi, ingawa komisera ndiye mkubwa wa serikali pale. Bia ilikuwa yake, na anayenunua bia hapingwi kabla chupa hazijaisha.

Gari lenyewe lilikuwa bado Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Alilikuta huko alipokwenda likizo kwa tiketi ya bure ya wafanyakazi wa reli: Morisi ya mwaka 1938, ya daktari wa misheni aliyekwisha kurudi kwao. Lilikuwa limelala chini ya kibanda, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Wengine waliona chuma cha kuuza kwa kilo. Kalonji, ambaye kazi yake katika karakana ya reli ilikuwa kukereza vyuma, aliona zile kava za magurudumu zilivyojikunja kama mikono ya mama aliyepakata mtoto, akili ikamruka. Alinunua palepale. Aliporudi Kindu akamwandikia wakala wa mizigo alete, na chini ya barua akatia sahihi: Florentin, Chemin de fer, yaani Reli, Kindu.

Hakuandika Kalonji. Siku zile mtu wa kambi akiandika barua ya kwenda nje alitaka asomeke kama mesie, bwana wa kizungu, kwa jina la ubatizo peke yake. Kalonji lilikuwa jina la babu yake wa Kasai, la kuitikia siku ya mshahara. Basi wakala naye akajaza karatasi zote hivyo hivyo: mwenye gari, Florentin.

Wiki chache baadaye redio ikatangaza kwamba majina ya kizungu yamekwisha. Kila mtu arudi kwa mababu zake, na mesie aitwe sitwayen, raia. Mkewe Adèle alirudi kuwa Mbombo kati ya kuosha sahani na kuzianika. Yeye akawa Kalonji Tshibangu kwenye kitambulisho kipya. Katekista mmoja aitwaye Jérôme alijisahau sokoni, akamwita mtoto wa jirani kwa jina la ubatizo. Alilala mahabusu siku nane, akatoka akimwita kila mtu "wewe", hata padri.

Gari lilichukua miezi kumi na minne kufika. Lilivuka ziwa, likapanda behewa la wazi Kalemie, likasahauliwa njiani mara mbili. Muda wote huo Kalonji alikuwa akilitengenezea vipuri kwa kukisia, baada ya saa za kazi, kutokana na vipande vya shaba vilivyotupwa. Alikuwa navyo kumi na moja ndani ya sanduku la sabuni chini ya kitanda. Mbombo alisema kuna wanawake wanaoibiwa waume na wanawake wenzao, yeye ameibiwa na sanduku.

Halafu, asubuhi moja ya Machi 1973, kipaza sauti cha stesheni kikakohoa na kusema: "Florentin. Florentin wa reli. Mzigo wako umefika."

Karakanani mafundi wakaanza kutazama nyundo zao kana kwamba wameziona leo. Kipaza sauti kikarudia mara tatu. Kalonji aliingia chini ya injini ya treni iliyokuwa haina ubovu wowote, akakaa humo mpaka saa sita.

Nyumbani Mbombo alikuwa amekwisha kusikia. Kindu nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

"Baba Ngalula," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ile motokari iko ya muntu hayuko. Uiache."

"Nikiacha siku makumi tatu, inakuwa ya Leta, ya serikali."

"Basi ikuwe ya Leta. Leta iko na barabara, iko na magereza, ikuwe na motokari pia."

Siku ishirini na sita Kalonji alipita mbali na bohari ya mizigo, na kila siku alijua kwa maneno ya mafundi, bila kutazama, kwamba Morisi iko pale chini ya turubai, gurudumu moja halipo, boneti haipo. Hakula vizuri. Akisikia pikipiki nje, alikaa chini. Siku ya ishirini na saba alivaa abakosti yake ya pekee, koti la serikali lisilo na tai, akabana karatasi kwapani, akaenda ofisi ya kuandikisha magari.

Karani alikuwa Ngoyi, mtu mnene mwenye mihuri sita. Dirishani, kwenye kiti kisicho na meza, alikaa mtu mwingine aliyevaa miwani myeusi. Hakuwa na karatasi, hakuwa na kalamu, wala hakuna aliyesema kazi yake ni nini. Kindu watu wa namna hiyo hawaulizwi.

Ngoyi alisoma karatasi za Kigoma polepole. "Sitwayen Kalonji. Hii motokari iko ya Florentin. Florentin njo nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, au angekimbia. Kalonji alifungua mdomo akasikia unasema: "Alikuwa kaka yangu."

"Alikuwa?"

"Alikufa."

"Ah. Pole. Kumbe njo wewe muriti." Ngoyi alionekana kufurahi; urithi una fomu yake. "Utaleta hati ya kifo, na washahidi wawili wenye waliona maziko. Tutaandika motokari kwa jina yako."

Kalonji alikuwa ameshageuka kwenda mlangoni. Sauti ilitoka dirishani, ya chini, isiyo na haraka.

"Huyu Florentin njo ule alisema komisera atamupisha mu barabara?"

Kalonji aligeuka nyuma. "Njo yeye," alisema.

"Alikufa na nini?"

"Homa."

Yule mtu alitikisa kichwa. "Muzuri," alisema. "Tulikuwa tunamutafuta."

Kalonji alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani alisalimia hata mbuzi.

Shahidi wa kwanza alikuwa jirani yake Assani, mshonaji wa magodoro, Mwislamu wa Kindu asiyeweza kukataa jambo lenye hatari kidogo na maneno mengi. "Fundi, nitasema nilimuzika kwa mikono yangu," alisema. "Nitasema alikuwa muzito. Unataka alie mbele ya kufa, ama akufe kimya?"

"Akufe kimya, ndugu yangu. Alisema vya kutosha."

Mbombo, aliyetakiwa awe shahidi wa pili, ndiye aliyekataa. Kwao Kasai, mke akitamka kwamba mumewe amekufa, anakuwa amemwonyesha mauti mlango. Mumewe alimweleza kwamba anayekufa ni karatasi.

"Jina ulioa nayo mbele ya padri iko karatasi?" aliuliza. "Mi niliolewa na Florentin. Kalonji nilimukuta mu nyumba."

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu mchana, mtu wa miwani myeusi alisimama uani, karibu na sufuria, akamsalimia kwa adabu sana. Alisema kesho saa nane angependa kuona kaburi. Akasifu harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, akaondoka. Mbombo alibaki na mwiko mkononi mpaka sombe ikashika chini.

"Nitakuja," alimwambia mumewe jioni. "Nitavaa kilemba nyeusi. Lakini sitasema mume. Nitasema shemeji."

Makaburi ya kambi yako nyuma ya reli, kwenye nyasi. Saa saba Kalonji alikuwa ameshafika, akitafuta maiti wa kuazima. Makaburi mengi yalikuwa na misalaba na majina. Kando kabisa alikuta moja lenye sahani ya bati iliyopinduliwa juu yake na hakuna kingine. Udongo umeshuka, nyasi zimefika magotini. Hakujua ni la nani. Alipiga magoti akang'oa nyasi kwa mikono, haraka, huku akimwomba msamaha aliyemo, kwa Kiluba, kwa sauti ya chini, akimweleza habari za gari.

Yule mtu alikuja na Ngoyi, Ngoyi akiwa na muhuri mfukoni. Assani alisema alimzika kwa mikono yake na kwamba alikuwa mzito. Mbombo alisema, "Shemeji alikuwa muntu wa watu," akatazama chini.

Miwani myeusi ilitazama kaburi, halafu nyasi mbichi zilizong'olewa, halafu kucha za Kalonji, ambazo zilikuwa zimejaa udongo. Ilikaa kwenye zile kucha kwa muda mrefu. Assani akaanza kuhesabu misalaba ya jirani.

"Wewe kaka yake," alisema yule mtu. "Unasimama tu? Lia kidogo."

Kalonji alifikiri angeshindwa. Lakini ile hofu ya siku thelathini, ya kipaza sauti na pikipiki na kiti cha dirishani, ilipanda yote kwa pamoja na kutokea machoni. Alilia kwa kelele, akapiga paji la uso kwenye udongo, akaita, "Florentin, Florentin," mpaka Mbombo akasahau kwamba ni mchezo, akaanza kulia naye na kumshika mabega kumzuia asijiumize. Aliita jina ambalo hakuwa amelitamka mwaka mzima. Hakuna aliyemkataza. Marehemu anaruhusiwa kuitwa.

Alipoinua kichwa, yule mtu alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa leso. Macho yake yalikuwa madogo, ya kawaida, mekundu kidogo kwa vumbi.

"Sasa amekufa," alisema. "Asirudi."

Ngoyi aliweka karatasi juu ya mgongo wa Assani, aliyeinama bila kuombwa, akaandika: Florentin, jinsia mume, umri miaka thelathini na minane, homa. Akatafuta mahali pa muhuri, akagonga. Halafu akatoa kitabu cha risiti, maana bila risiti hati haina nguvu, na Kalonji, akifuta udongo usoni, akauliza ni bei gani.

Makuta hamsini, nusu ya zaire moja.