Mzee Friji Alipotupa Malkia Wawili

Mzee Friji alikuwa fundi wa majokofu. Jina hilo alipewa na wateja, likamganda mpaka wanawe wenyewe wakalizoea. Mkono wake ulikuwa na baraka: friji lililokwisha kukatiwa tamaa, akilishika yeye, linaanza kunguruma kama paka aliyeshiba. Lakini nyumbani kwake hakukunguruma kitu. Mkewe alikwenda kwa binti yao kulea mjukuu, akaaga kwamba atarudi mtoto akiacha ziwa. Mtoto aliacha ziwa, akaota meno, akajua kutukana, na bibi bado yuko huko huko. "Vumilia kidogo, Baba Watoto," alikuwa akisema kwenye simu, na nyuma yake zinasikika kelele za nyumba yenye watu. Simu ikikatika, mzee anawasha redio. Hasikilizi. Anataka tu nyumba isimkodolee macho.

Ndiyo maana hakukosa mashindano ya poka ya kila Jumamosi pale klabu. Hayakuwa ya fedha. Kila mchezaji alipewa rundo la vibao vya plastiki. Anayeishiwa ananyanyuka, na anayebaki mwisho anapewa kikombe cha bati. Mzee Friji hakukitaka kikombe. Alitaka kukaa kwenye kiti mpaka jua lichwe, asikie watu wakitaniana. Na hilo ndilo lililomshinda, kwa sababu kila mara alikuwa wa kwanza kutoka. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akishika jozi nzuri haiachi, hata meza nzima imwambie kwamba amezidiwa. Anasukuma vibao vyote, anavipoteza vyote, kisha kwa haya anapitia mlango wa nyuma alikoegesha baiskeli, huyoo, kichwa chini.

Jumamosi moja, viti havijapata hata joto, akafunua karata zake mbili kwa kidole gumba: malkia na malkia. Zikawekwa karata tatu katikati ya meza, za kila mtu: tisa, sita, tatu. Hakuna hata moja ya kumfikia malkia. Akaweka vibao kiasi. Wote wakajitoa isipokuwa Mama Cherehani, mshona nguo aliyekaa mkabala naye, mwanamke wa maneno mengi, aliyemwita shemeji kwa sababu zamani alimshonea mkewe. Ikafunuliwa karata ya nne: ilikuwa mbili, kitu cha bure. Mzee akaweka tena. Mama Cherehani akanyamaza. Akasukuma rundo lake lote mbele.

"Haya, mzee. Leo umeganda?" akauliza mgawaji.

"Mwache ayeyuke taratibu," alisema Mwalimu, mstaafu aliyekaa pembeni, na meza ikacheka.

Mzee Friji alimtazama yule mama. Alimjua: akiwa hana kitu, haishi kuzungumza; akinyamaza, ana jambo. Akazitazama karata zake. Malkia ni wazuri, ndiyo, lakini jozi ni jozi tu, na mchezo ndio kwanza umeanza; vibao alivyokwisha weka si vya kulilia. Akiingia akakosea, baada ya dakika tano yuko nyumbani na redio yake. Akaona kama anatupa chakula. Akazigeuza karata, wote wakaziona, akazirudisha kwa mgawaji.

"Ametupa malkia!" Mwalimu akashika kichwa. "Jamani, Mzee Friji ametupa malkia wawili!"

Mama Cherehani naye akafunua zake. Alikuwa na tatu mbili, na kwa ile tatu ya mezani zikawa karata tatu za namna moja, zinazoishinda jozi yoyote. "Nani kakufunza akili, shemeji? Nilikuwa nimeshakuchinja."

Basi, toka hapo wakamwogopa. Mtu anayeweza kutupa malkia, wakasema, huyo akiweka kibao ana kitu kweli. Akiweka, wanakimbia. Rundo lake likapanda, wenzake wakaishiwa mmoja mmoja, na hatimaye hata Mama Cherehani akanyanyuka akijinyoosha mgongo. Wakabaki wawili, yeye na Mwalimu.

Hapo ndipo Mzee Friji aliposikia kicheko. Kilitoka barazani, upande wa mlango wa mbele ambao yeye hajawahi kuutokea. Vikombe vya chai viligongana. Mama Cherehani alikuwa anasimulia, watu wakicheka mpaka wanakohoa.

"Nani wako huko?" akauliza.

"Si ndio wale walioshindwa," Mwalimu akajibu bila kuinua macho. "Kila Jumamosi hukaa hapo mpaka jioni. Hukujua?"

Hakujua. Jumamosi zote hizo alikuwa akikikimbia kile kile alichokitafuta.

Kunyanyuka na vibao mezani kulikatazwa pale klabu. Ilihesabiwa kuwa ni dharau. Njia ilikuwa moja, kushindwa. Akashika saba na mbili, takataka tupu, akasukuma rundo zima. Mwalimu akamkazia macho, akatupa zake. Mzee akasukuma tena, akiwa na tano na nne. Mwalimu akatupa. "Wewe mzee si wa kuchezewa," alisema, jasho likimtoka. Huko nje vicheko vilipungua. Kuagana kukaanza.

Mwalimu alipojitia ushujaa mwishowe, Mzee Friji alikuwa ameshika nane na sita, na karata za mezani zikampendelea kama zinazomkomoa: akashinda. Akapewa kikombe. Akatoka mbio kwa mlango wa mbele.

Barazani amebaki Mama Cherehani peke yake, anafunga kilemba, mpwa wake anamsubiri kwenye pikipiki.

"Hongera, shemeji! Mbona ukishindwa huwa unakimbia kama umeacha moto jikoni?"

"Nilidhani mnakwenda nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?" alisema, akapanda, wakaondoka.

Mzee Friji akaketi kwenye benchi, kikombe mapajani, akawasikiliza mpaka mlio wa pikipiki ukapotea. Kisha mlinzi akaja, akamwomba asogee kidogo, alitaka kuliingiza benchi ndani.