Mke Mwenzangu Kavaa Kofia

Mume wangu Musallam ana wake wawili, na mie ndiye mdogo. Mkubwa ana magurudumu manne. Alimnunua kabla hajanijua, gari refu la Kijapani, jeupe, milango yake mpaka uibamize ndiyo ifunge. Siku ya harusi yetu ndilo lililonichukua kwetu Sidab, kijiji cha wavuvi, mpaka nyumbani kwake Azaiba, mjini. Mie nimekaa nyuma na hina zangu mkononi, yeye njia nzima anaisikiliza injini. Toka siku hiyo gari hilo mie naliita mke mwenzangu, na yeye wala hakatai.

Musallam alifanya kazi serikalini, idara ya maji, miaka yote mezani. Sasa kastaafu, na mwanamme aliyestaafu, jamani, ni mtihani ndani ya nyumba. Hatupi kitu. Msumari uliopinda anaunyoosha. Tulipotengeneza choo upya, vipande vya mabomba vilivyobaki alivificha chini ya ngazi, nami nikajifanya sikuviona. Akivaa kanzu safi, haipiti saa ishaingia grisi, halafu anatembea ubavuubavu nisiione. Nampenda, sisemi uongo. Lakini mdomo wangu sikuufungisha ndoa.

Tuna mtoto mmoja, Khulood, anafanya kazi benki. Huyo alikuwa kachoka na gari la baba yake, na alikuwa na haki. Msimu wa joto uliopita lilimzimikia mzee barabara kuu, mchana wa jua kali, na Khulood alipomfikia alimkuta babaake kakaa kivulini mwa gari, midomo imekauka, hata kusema hawezi. Mtoto alilia siku ile. Basi majuzi tukiwa tunakunywa chai akatoa sharti lake. Ijumaa tunakwenda kula kwa kaka yangu Yaqdhan, Sidab. Tutapita mlima wa Bustan. Gari likipanda mpaka juu bila kuzima, kiyoyozi kinapiga, yeye hasemi tena. Likizima, keshoye anamwita mnunuzi, na mtu wa kulichukua keshampata.

Musallam akasema, "Haya." Chai yake hakuimaliza.

Asubuhi nikasikia vishindo chini ya ngazi. Mabomba yametoka. Akanieleza, maana nikitaka nisitake hunieleza, kuwa ugonjwa wa gari ni pumzi. Injini inavuta hewa kutoka ndani ya boneti, mlemle kwenye moto wake wenyewe, na hewa ya moto haina nguvu. Yeye atalipatia hewa ya nje. Akatoboa tundu kwenye madigadi ya upande ninaokaa mie, akaunga bomba kwenye sanduku la filta, akalipitisha humo tunduni, akalipandisha pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Viwiko vya choo, gundi ya choo, vibano vya choo. Nikamwuliza kama atafunga na mfereji juu. Akaniambia nimshikie kibano.

Alipomaliza akaliwasha, akaniita nije nione. Akaweka kiganja juu ya mdomo wa bomba, akauziba. Injini ikakohoa, ikataka kufa. Akaondoa mkono, ikafufuka. Uso wake siku hiyo ungeuona. Alicheka peke yake pale uani, na mie, pamoja na ukorofi wangu, nikacheka naye.

Likabaki jambo moja, vumbi na wadudu. Mdomo wa bomba ulitaka kifuniko kinachopitisha hewa. Wavu wa waya akasema unaruhusu vumbi. Kitambaa akasema kinaziba. Nikamwacha anafikiri, nikaenda zangu jikoni.

Ijumaa natoka na sufuria la bokoboko mikononi, namwona mke mwenzangu uani, tayari kwa safari, bomba limesimama pembeni ya kioo, na juu ya bomba kofia. Kofia yangu. Kofia ya viua niliyomshonea Musallam kwa mkono wangu wakati wa uchumba, aliyoivaa siku ya ndoa. Haimwingii tena kichwani, kichwa na yeye vyote vimenenepa, lakini mie naitunza kabatini kwa udi, na kila Idi naifua, naitia wanga, naivika juu ya kopo ikauke vizuri. Kaifunga kwa waya.

Nikamwuliza kapata wapi akili hiyo. Akanambia, kwa upole kabisa, kofia ina vitobo vyake kila pembe, watu wetu waliitoboa kichwa kipumue, na bomba nalo ni kichwa cha gari. Wallahi alikuwa kapendeza kwa furaha, na mie nilitaka kummwagia bokoboko. Khulood keshaingia nyuma, saa imefika. Nikapanda, nikapakata sufuria, nikamwambia tutazungumza baada ya kula.

Barabara kuu gari lilikwenda vizuri, sina la kusema. Kila tukisimama kwenye taa, watu wa magari mengine wananyoosha vidole na kupiga picha lile bomba lililovaa kofia. Nikajifunika ushungi mpaka puani.

Mlimani mambo yakabadilika. Mwanzo lilipanda. Tulipofika kwenye mwinuko wenyewe, injini ikaanza kukohoa, moshi mweusi ukatoka nyuma, na wenye haraka wakatupita wanapiga honi. Musallam akarudisha gia, akarudisha tena. Tukawa tunakwenda mwendo wa kobe. Nilidhani Khulood atafurahi, nikageuka, nikamkuta anauma kucha.

Ndipo nikaitazama ile kofia. Jua linaipiga kutoka mbele, na hakuna kitobo hata kimoja kinachopitisha mwanga. Inang'ara nyeupe kama bakuli la kaure. Wanga wangu! Mie wanga naupika mzito, alivyonifunza mama, kofia ikikauka unaweza kuitilia mchuzi. Kichwa cha mtu hakijali, hewa kinaipata chini. Lile bomba halina chini. Musallam alikuwa kama aliyeweka tena kiganja chake pale juu na kukisahau.

Sasa nisikilizeni. Ningenyamaza tu, keshoye mke mwenzangu angeondoka. Uani ningepata kivuli changu, mahala pa bembea niliyoililia miaka. Sikutakiwa kufanya lolote, ila kukaa na sufuria langu. Nikamtazama Musallam. Kaushika usukani kwa mikono miwili, anaibembeleza injini chini chini, "Yallah mama, yallah mama." Mie siku ninamzaa Khulood hakunibembeleza hivyo. Nikaona wivu, kisha nikaona huruma, na huruma ikanishinda.

Nikamtupia Khulood sufuria nyuma. Nikateremsha kioo, nikatoa nusu ya mwili nje, buibui linapepea, Khulood ananishika kiuno huku anapiga kelele. Nikaikamata kofia, nikaivuta. Waya ukagoma. Nikavuta kwa hasira zote nilizokuwa nimeziweka za baada ya kula, ikachanika, ikatoka.

Gari likavuta pumzi. Nimelisikia mwenyewe, mpaka kwenye kiti. Likakohoa mara moja, likatema moshi, likapanda. Tukafika juu, bahari ya Bustan iko chini yetu, kiyoyozi bado kinapiga.

Musallam akanitazama, na kofia iko mapajani mwangu. "Mastura, umefanya nini?"

"Nimemvua kofia. Ina wanga, Musallam. Ulimziba pumzi."

Nyuma Khulood, bokoboko limemrukia mpaka kifuani, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Kisha akamgusa babaake bega. "Halikuzima, Baba. Sisemi tena." Akaongeza kuwa maji ya kunywa yakae ndani ya gari kila siku, na simu iwe na chaji, na Musallam akakubali yote, macho yamemlowa, anajifanya ni jua.

Mazungumzo ya baada ya kula niliyafanya yote, sikupunguza, Yaqdhan akiwa shahidi. Musallam alisikiliza mkono shavuni. Mwisho akauliza kwa aibu kama ile kofia itashoneka. Nikamwambia itashoneka, na itarudi kabatini, na kabati sasa lina kufuli.

Jioni tuliporudi nikatoka uani na uzi, nikauzungusha kwenye mdomo wa bomba, nikakata kipimo. Nimeshaanza kushona kofia mpya. Viua vikubwa, vitobo vipana, wanga hata tone. Jana Musallam kanikuta nayo, kaishika, kaigeuzageuza, kajaribu kuivaa.

"Mbona ndogo hii? Ya nani?"

"Ya mke mwenzangu," nikamwambia. "Yako weye baadaye, ngoja zamu yako."