Cheti cha Mama Oliva

Yuliana hakuwa mtu wa kulalamika. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, mikorosho yake huko Kitangari akaisimamia mwenyewe, na kwenye kwaya bado aliimba sauti ya kwanza ijapokuwa koo lilishaanza kukwaruza. Fahari yake kubwa ilikuwa wajukuu. Wote sita aliwapokea yeye. Mtoto akizaliwa, Yuliana hufunga kanga, huhamia kwa mzazi, huchemsha maji na kumkanda asubuhi na jioni mpaka siku arobaini ziishe. Ukali wa mikono yake mzazi hakuupenda, lakini mgongo ulipona.

Sasa ilikuwa zamu ya Oliva, kifungua mimba wake, muuguzi aliyeolewa na Mzungu huko Ujerumani. Alikuwa amengoja mtoto miaka mingi, na akiwa na miaka thelathini na tisa, Mungu akamkumbuka.

"Mama, huku hakuna wa kunikanda," Oliva alisema kwenye simu.

"Nakuja," Yuliana akajibu, kana kwamba anakwenda Mkunya, kijiji cha jirani.

Ila mwaka ule wa 2021, kwenda Ulaya kulikuwa na masharti yake. Hupimwi korona siku chache kabla ya safari, hupandi ndege. Huna cheti cha chanjo, usijisumbue hata kufungasha. Na kijijini wengi walikuwa wanaikimbia ile sindano.

"Mama Oliva, wanasema ukichanjwa, mkono unanasa vyuma," jirani yake Zena alimwonya.

"Afadhali. Sindano zangu za kushonea zinapotea kila siku."

Shida haikuwa sindano. Shida ilikuwa mganga wa zahanati, Filemoni, mume wa binti yake mdogo Salome na baba wa mjukuu wake Joel. Huko Kitangari mwanamume na mama mkwe hawachezeani. Filemoni humwamkia kwa mbali, macho chini. Mama mkwe akiingia mlango huu, yeye hutokea mlango ule. Jina lake hajawahi kulitamka hata siku moja tangu amwoe Salome, miaka kumi na minne. Yuliana alijivunia jambo hilo kupita kiasi. "Heshima si utumwa," alipenda kuwaambia akina mama wenzake, "mwangalieni mkwe wangu."

Basi siku ya chanjo, Filemoni alimwachia muuguzi Ziada ashike ule mkono, yeye akageukia ukutani na simu ya kazi, akijaza taarifa. Alipofika penye jina, vidole vikagoma. Kitambulisho kilikuwa mbele yake na jina limo, lakini kuliandika aliona ni sawa na kulitamka. Akaandika kama kijiji kizima kinavyomwita. Yuliana akaenda zake, bega linauma kidogo, roho kunjufu.

Jumanne ya wiki ya safari, katibu wa parokia, Chrispin, ambaye ndiye aliyemhangaikia pasi na viza, alirudi kutoka Masasi na cheti kilichochapwa. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, hebu soma hapa."

Yuliana akavaa miwani. "Mama Oliva. Ndiyo mimi huyo."

"Pasi inasema Yuliana Nikolao Chilumba. Kwa wale wa uwanja wa ndege hawa ni watu wawili. Mmoja amechanjwa, mwingine ana tiketi."

Yuliana alikaa chini. Ndege ilikuwa Jumamosi, na Oliva angejifungua siku yoyote. Alimwona binti yake amelala peke yake katika nyumba ya watu wasiojua kukanda, akaogopa, woga wa kweli, ambao korona yenyewe haikuwahi kumtia.

Alfajiri ya Jumatano walikwenda Newala mjini kurekebisha jina: Filemoni mbele, mama mkwe nyuma, hatua ishirini katikati. Walipofika ofisi ya takwimu za afya, Yuliana alibaki kwenye benchi la nje, ameupa mlango mgongo. Ndani, karani Awadhi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Aliyejaza ndiye anayethibitisha. Shika pasi, nisomee jina kamili, mimi naandika. Likikosewa tena, bibi hapandi ndege."

Filemoni akafungua pasi. Macho yakaganda kwenye jina.

"Soma, daktari."

"Ni... ni mama."

"Mama hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Jina!"

Filemoni akaipindua pasi mikononi. Awadhi alikuwa mtu wa huko huko. Akaelewa, akaona haya, lakini kazi ni kazi. Akasubiri. Huko nje Yuliana alihesabu pumzi zake. Hakumkasirikia Filemoni. Alijikasirikia mwenyewe, maana adabu ile ni yeye aliyeisifia kila kikao, akaipalilia kama mkorosho mchanga, na leo ilikuwa inamzuia asimfikie mwanawe.

Akainuka. Akaingia ofisini, akavuta kiti, akaketi kando ya mkwe wake, bega kwa bega. Filemoni akataka kukimbia. Hapakuwa na mlango wa pili.

"Baba Joel, mwanangu," alisema kwa upole, "lisilo budi hutendwa. Nimekuruhusu. Taja."

Filemoni akafumba macho. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

"Yuliana," akasema.

"Abee," Yuliana akaitika kabla hajajua kama ameitika.

Awadhi akacheka, Filemoni akacheka huku akijifuta uso, na Yuliana akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanyamaza ghafla. Tangu wamzike mumewe, hakuna mwanamume aliyemwita hivyo kwa sauti ya chini, ya mtu wa nyumbani. Alikuwa amelikosa jina lake, naye hakujua. Filemoni akasoma yaliyobaki: Nikolao, Chilumba. Awadhi akaandika, akarudia, na ilipofika saa sita cheti kipya kikatoka.

Kule Ujerumani, askari wa uhamiaji mwenye barakoa alikiangalia cheti, akaiangalia pasi, akagonga muhuri. Muda wote ule haukutosha hata kupiga chafya. Yuliana nusura amwambie jinsi jina lile lilivyopatikana kwa taabu, lakini foleni ilikuwa ndefu na lugha hana.

Mtoto alikuwa amemtangulia kwa siku mbili: msichana, amelala fofofo. Mkwe yule wa kizungu alionyesha bomba linalotoa maji ya moto. Yuliana hakuliamini, akabandika sufuria jikoni. Maji yalipochemka akayapoza kidogo, akachovya taulo, akamlaza Oliva na kuanza kumkanda tumbo, pole pole kwanza, halafu kwa nguvu zile zile za Kitangari. Oliva akaguna, akauma meno, kisha akaangua kilio kama mtoto mdogo.

"Mama, nilifikiri hawatakuruhusu."

Yuliana akakamua taulo. Machozi yalikuwa yanamdondoka, wala hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Geuka," alisema. "Nikukande na mgongo."