Kimya cha Trela

Kibanda changu cha chai pale Kyumbi kiliegemea ukuta wa video, mabati kwa mabati, kwa hiyo kila kilichopigwa ndani kilinipiga mimi mgongoni.

"Video" ndivyo tulivyoliita lile jumba: chumba kirefu chenye mabenchi, mapazia ya gunia, na televisheni moja iliyowekwa juu kama picha ya rais. Sinema yenyewe ilianza mchana. Asubuhi yote, mwenye video alitupigia trela. Alikuwa amekusanya vile vipande vya kuonjesha vinavyotangulia sinema, akavirekodi vyote kwenye kaseti moja, akatundika spika juu ya mlango ili wapita njia wasikie. Kaseti ikiisha, anairudisha mwanzo.

Mimi sikuwahi kuziona. Nilizisikia tu nikikanda chapati, mpaka nikazijua kama sala. Iliyonimaliza ni moja. Inaanza na sauti ya mwanamume, nzito kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Anasema neno moja la Kiingereza, anapumzika, anasema lingine. Halafu ngoma, polepole, kisha mbio. Risasi. Glasi inavunjika. Halafu kimya. Kimya kabisa, hadi unasikia mafuta yakichemka kwenye karai langu. Na ukishainamisha sikio, maana huwezi kujizuia, mwanamke anapiga nduru ya kukupasua moyo. Kishindo kimoja, basi. Huambiwi amefanywa nini.

Mwalimu wangu wa Kiswahili kule sekondari alituambia kitu kama hicho kinaitwa taharuki. Hakutuambia kuna mtu ataipika kila asubuhi kando ya mtoto wangu.

Binti yangu alikuwa bado hajaanza nasari. Alishinda nami kibandani, akicheza na visoda chini ya meza. Risasi hazikumshtua. Ngoma alizichezea kiuno, wateja wakacheka. Lakini kimya kilipofika, aliziba masikio na kujikunja kama jongoo. Mwanzoni na mimi nilicheka. Halafu nikaona anajikunja hata stima ikipotea na redio ikizima. Halafu nyumbani, akawa hataki nimalize kuongea. Nikinyamaza kidogo tu: "Mama, sema! Mama, sema kitu!"

Jumapili moja mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ndithini na ndengu zake, tukaenda naye kanisani. Padre akasema tukae kimya, kila mtu akumbuke dhambi zake. Kanisa likatulia. Mtoto akaziba masikio, akangoja, na nduru isipokuja, akaipiga mwenyewe. Watu wote waligeuka. Mama mmoja mbele yetu akafanya ishara ya msalaba.

Nje, mama mkwe alinivuta kando. Alianza kwa Kiswahili ili hao waliokuwa wakitutazama wajue anakijua, ingawa kuitana kulibaki kwa Kikamba: mimi mwiitu, binti; yeye mwaitu, mama.

"Mwiitu, huyu mtoto ameona nini?"

"Ni trela, mwaitu. Zinamtisha. Asubuhi mpaka mchana ni trela tu."

Akashika kifua. "Na wewe unaona trela zikimtisha mtoto, na bado unakaa hapo?"

"Nitaenda wapi, na hiyo ndiyo kazi niko nayo?"

"Zinamkaribia aje?"

"Ni ukuta tu unatutenganisha."

"Ngai!" akamwita Mungu. "Ngai wakwa!"

Nilidhani tumeelewana. Mwenzangu alikuwa akiona malori. Kyumbi, ukimwambia mtu trela, anaona yale madubwana ya barabara ya Mombasa yanayoegeshwa hapo madereva wakinywa chai, magurudumu yamemzidi mtoto kimo. Kwa hiyo alimwambia mwanawe, mume wangu, aliyekuwa akishona nguo kiwandani EPZ, Athi River, na kuja nyumbani wikendi, kwamba mkewe analaza mtoto katikati ya matairi.

Nilimweleza mume wangu. Nikasema ni trela za video, na si hata trela zenyewe, mtoto anaogopa kimya.

"Nani anaogopa kimya?" Alicheka. "Trela ya lori ama ya video, si zote ni trela? Mtoto aende Ndithini. Huko kumetulia."

"Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia. Akae na mama, susu wake, mpaka aanze shule."

Yaani walikaa, mtu na mama yake, wakachagua mahali penye kimya kuliko pote wanapopajua, wakampeleka huko mtoto anayeogopa kimya. Na nguo zake nilifunga mimi, kwa sababu nikikataa nitaambiwa napenda biashara kuliko mtoto.

Kesho yake spika ilipoanza, niliacha chapati kwenye moto nikaingia video na mwiko mkononi.

"Sasa mathe," mwenye video akasema. Tulikuwa rika moja, lakini nilikuwa na mtoto, kwa hiyo nilikuwa mathe.

"Usiniite mathe. Huyo mwanamke anafanywa nini?"

"Nani?"

"Wa nduru! Mtoto wangu ameharibika kwa ajili yake. Anafanywa nini?"

Akatabasamu, yule kijana, kama mtu aliyenasa ndege. "Si ndiyo hiyo? Hata wewe umeingia. Watu hawalipi kuona, mathe. Wanalipa kwa sababu wamekatwa katikati."

Ningempiga na ule mwiko. Badala yake niliketi, nikamwambia aiweke sinema yote, na asitaje tikiti. Akaiweka.

Ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Watu waliongea jikoni, wakaongea kwenye gari, wakaongea hospitalini. Risasi zilikuwa mwanzoni kabisa, dakika chache za vita. Glasi iliangushwa na mlevi. Karibu na mwisho, mwanamke anaanika nguo uani, anageuka, anamwona langoni mwanawe wa kiume aliyeambiwa amekufa vitani. Akapiga nduru. Nduru ile ile, ninayoijua kuliko sauti ya dada yangu. Kisha akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia.

Ilikuwa furaha. Walichukua furaha ya mama, wakaikata kutoka kwa mwanawe, wakaibandika nyuma ya risasi na kimya, ikawa mauaji.

"Huo ni uwongo," nilimwambia.

"Si uwongo. Nduru ni yake." Akainua mabega. "Ni vile tu imepangwa."

Nilifunga kibanda, nikaenda Ndithini.

Nilisikia boma kabla sijaliona. Ga! Ga! Ga! Mtoto wangu alikuwa kivulini kando ya ghala, anapiga debe kwa kijiti, amechoka, macho mekundu, haachi. Mama mkwe alitoka jikoni amejifunga leso kichwani kama mgonjwa.

"Mwiitu, umefika? Huyu mtoto ananipigia debe tangu aje, kama mtu anaita abiria. Nikimnyang'anya, analia mpaka anatapika."

"Ni kwa sababu kumetulia, mwaitu."

"Kutulia ni kubaya?"

Nilimpakata mtoto, nikachukua kijiti. Nilikuwa na hasira hata sikuona aibu. Nikatoa ile sauti ya ndani ya pipa. Nikapiga debe polepole, kisha mbio. Nikafanya risasi kwa mdomo. Kuku wakakimbia. Kisha nikaacha. Mtoto akaziba masikio. Mama mkwe, kijiko mkononi, akaacha kupumua.

"Sasa mama anaanika nguo," nikamnong'oneza mtoto. "Anageuka. Kuna mtu langoni."

Nikanyamaza tena.

"Nani?" akauliza mama mkwe.

Nilimtazama. Alikuwa ameinama mbele, shingo yote, kama wale wanaume wa Kyumbi wakisimama chini ya spika. Hapo ndipo alipoelewa trela ni kitu gani. Na mimi nikaelewa kinafanyaje kazi.

"Nitakumalizia, mwaitu. Nikishafunga nguo za mtoto."

"Mwiitu! Kwani ni mwizi?"

"Nguo ziko wapi?"

"Baba yake alisema akae."

"Basi mngoje aje akumalizie yeye."

Alisonya, akaingia ndani, akatoka na mfuko, akautupa karibu na miguu yangu. "Nani yuko langoni?"

"Mtoto wake. Walimwambia amekufa, na amerudi. Anapiga nduru kwa furaha."

Binti yangu alikuwa ameondoa mkono mmoja sikioni. Mwingine haukutoka. "Amerudi?" akauliza.

"Amerudi."

"Halafu?" akasema mama mkwe.

"Halafu wanalia. Imeisha."

Akanitazama, akautazama mfuko. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mwaitu," nikasema, nikambeba mtoto mgongoni.