Ramani Isiyokuwa na Nyumba

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto, nyuma ya soko la Gikomba, kando ya mkokoteni uliojaa miche, nikitazama tingatinga likibomoa nyumba za watu. Lilikuwa likifuata mstari mweupe wa chokaa. Mstari huo niliuchora mimi, kwa mkono huu unaouona.

Nimesikia umepewa mradi wa kupanda miti huko Kariobangi, na kwamba wewe ndiwe msimamizi. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujashika jembe, keti hapa nikusimulie. Wanasema majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimemlea miaka mingi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuoni, msichana wa watu kutoka magharibi mwa nchi, nimesomea misitu, na shirika moja likaniajiri kusimamia mradi wake. Siku hizi mnasema mabadiliko ya tabianchi. Sisi tulisema tu kwamba mvua imepotea njia. Ilikosekana msimu mzima, vumbi likatanda Shauri Moyo na Majengo mpaka nguo zikaanuliwa chafu kuliko zilivyoanikwa. Kisha ikaja yote kwa siku tatu, mto ukapanda ukaingia vyumbani. Kazi yangu ilikuwa kupanda miti ukingoni ili mizizi ishike udongo na kivuli kipunguze joto la mabati. Ilikuwa kazi njema. Kazi yenyewe sijaijutia hata siku moja.

Ukingoni pale waliishi watu, katika nyumba za udongo na mabati. Mmoja wao alikuwa Bi Zuhura, mjane wa Majengo aliyehamia pale baada ya mumewe kufariki. Alikuwa akiuza mahamri asubuhi, na ndiye aliyenipa uwanja wake nifanye kitalu cha miche. Aliimwagilia kama anayenywesha wajukuu. Jirani yake alikuwa Wekesa, fundi wa mabati, aliyetugeuzia madebe ya mafuta yakawa vyombo vya kumwagilia. Hao wawili ndio walionipokea. Watu wakaniita Madam wa Miti, nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa, unajua afanyavyo.

Nikachora ramani. Niliichora wiki nzima: mto kwa buluu, mianzi kwa kijani kibichi, mikuyu kwa kijani kilichokolea. Nyumba sikuzichora. Utaniuliza kwa nini. Zilikuwa zimebanana, hazina nambari, kila mara chumba kinaongezwa hapa na pale, na nilitaka ramani ipendeze machoni pa wakubwa. Nilijua nyumba ziko. Tulikuwa tumekubaliana na wenyeji kwa mdomo kwamba miti itapandwa kati yake. Nikaona hilo linatosha.

Bi Zuhura aliitazama ramani ile kwa muda, akaizungusha, akaitazama tena.

"Mimi niko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikacheka. "Uko hapa, Bibi, chini ya huu mwanzi."

"Chini ya mwanzi hulala nyoka," akasema. "Mtu huwa na mlango. Nichoree mlango wangu, mwanangu."

Nikamwambia nitauchora baadaye. Sikuuchora.

Kisha nikapima kwa kamba na kumwaga chokaa kuonyesha mwisho wa eneo la kupanda. Mstari ukapita kando ya jiko la huyu na nyuma ya bafu la yule. Wekesa akatoka kuangalia.

"Madam, hii chokaa ni ya nini?"

"Ni ya miti tu."

"Sawa basi. Kama ni wewe umesema."

Baada ya majuma machache nikaitwa kwenye ofisi moja ya jiji. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole akanipa kiti, akaagiza chai, akaniita mtaalamu. Akasema amesikia habari za kazi yangu na angependa nakala ya ramani. Sikumuuliza ya nini. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi, nikarudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nalala mtaa mwingine, katika nyumba ya mawe yenye hati zake.

Basi asubuhi ile nilikuwa naleta miche zaidi. Wengi wa wenyeji walikuwa wameshakwenda kazini, wengine sokoni, wengine kwenye milango ya viwanda kusubiri kibarua. Nilisikia mlio wa bati linalokunjwa kabla sijaona kitu. Nilipokata kona, nikasimama. Askari wenye rungu walikuwa wamejipanga. Wanawake walikuwa wakitoa sufuria na magodoro mbio mbio. Bi Zuhura alitoka na Msahafu wake uliofungwa kwa kitambaa, akauweka juu ya jiwe, akarudi ndani, akatoka na beseni la unga wa mahamri. Unga ulikuwa umeshaumuka. Akasimama ameukumbatia, hajui auweke wapi.

Nikamkimbilia msimamizi wa kazi ile, kijana wa rika langu aliyevaa kofia ngumu.

"Simamisha, tafadhali. Kuna watu wanaishi hapa."

Akafungua karatasi aliyokuwa nayo mkononi. Ilikuwa ramani yangu, kwa mwandiko wangu.

"Madam, hapa hakuna nyumba," akasema kwa adabu. "Angalia mwenyewe. Hapa ni msitu."

Nyuma yake ukuta wa nyumba ya Wekesa ulikuwa ukianguka. Nilitazama karatasi, nikatazama ukuta, nikatazama karatasi tena. Mwanangu, sijui kama umewahi kushtuka hadi ukahisi baridi juani. Mimi siku hiyo nilihisi.

Wekesa alifika akikimbia, nyundo bado iko mkononi. Akautazama mstari wa chokaa, kisha akanitazama mimi.

"Ulituambia ni ya miti."

"Wekesa, mimi sikujua kwamba..."

"Ulituambia ni ya miti," akarudia polepole, akageuka kwenda kuokota vyombo vyake vya kazi kwenye kifusi.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Alihamia huko huko Kariobangi unakokwenda wewe sasa. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kwenye karakana yake, nikamsalimu. Aliitikia salamu, akaendelea kugonga bati lake. Zaidi ya hapo sikustahili.

Jua lilipopanda tingatinga likaondoka. Kitalu kilikuwa kimesagwa, isipokuwa vifuko vichache vya miche ya mianzi vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani. Nilitamani kukimbia. Tena nikubali aibu yangu yote: nilianza kutunga maneno moyoni, kwamba nitasema ramani iliibiwa. Nikamwendea Bi Zuhura, aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chake katikati ya vyombo, na badala ya uongo ule yakanitoka maneno mengine, nayo hayakuwa bora.

"Bibi, sikujua."

Hakupandisha sauti. "Kutojua kwako ndiko kutakakonilaza nje leo, mwanangu. Nilikuomba mlango. Ulikuwa na kalamu mkononi, na mlango wenyewe ulikuwa mbele ya macho yako. Sasa usinililie. Ukilia mimi itabidi nikubembeleze, na leo sina nafasi hiyo." Akapangusa unga uliokauka vidoleni. "Kesho uje. Usije na pole. Uje na karatasi."

Siku ya pili, kabla sijaenda kwake, mkubwa wangu wa shirika aliniita. Nilidhani tutahuzunika pamoja. Akasema jambo hilo linasikitisha, kisha akasema ardhi sasa iko wazi, mvua iko karibu, tuanze kuchimba mashimo. Mshtuko huo ulinishinda kuliko ule wa jana, maana tingatinga ni chuma, na huyu alikuwa mtu aliyekula mahamri ya Bi Zuhura. Nikamwambia sitachimba shimo hata moja mahali ambapo hadi jana palikuwa na jiko la mtu. Akasema nifikirie kazi yangu. Nikatoka.

Nikaenda na karatasi. Bi Zuhura akanishika mkono, tukapita mlango kwa mlango, na pale palipobomolewa tulisimama kwenye kifusi, mwenyewe akanyoosha kidole kuonyesha mlango wake ulikuwa wapi. Wengine walikataa kusema nami. Mama mmoja alinitemea mate miguuni, kisha akanitajia majina ya watoto wake wote niyaandike. Nikayaandika.

Chifu alipoitisha mkutano, na yule bwana wa sauti ya upole akiwapo, nilisimama. Nikasema, "Ramani ya kwanza niliichora mimi, na ni ya uongo. Watu walikuwapo. Niliwaona, nikala kwao, nikawaacha nje ya karatasi." Nikaitandaza ile mpya. Walinizomea, na walikuwa na haki. Lakini wazee wa mtaa waliishika ramani ile, wakaizungusha kutoka ofisi hadi ofisi, na nyumba za upande wa juu, ambazo mstari wangu ulikuwa umezifikia pia, hazikuguswa. Zilizoanguka hazikuinuka kwa maneno yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami barua ya kuachishwa kazi ilinifikia wiki iliyofuata.

Bi Zuhura alijenga tena, hatua chache juu zaidi. Siku moja akanionyesha ile mianzi iliyosalia. Alikuwa ameendelea kuimwagilia. "Miti haikukosa," akasema. Tukaipanda, mara hii kila mwenye nyumba akisema mwenyewe mzizi uingie wapi na kivuli kiangukie wapi. Tulizozana sana. Mmoja alitaka mzambarau, mwingine akahofia watoto wataukwea waanguke. Kazi iliyoweza kuisha kwa siku mbili ilituchukua miezi.

Ndipo zikaja zile mvua kubwa mwishoni mwa miaka ile, unazisikia wazazi wako wakizitaja. Palipokuwa na mianzi udongo ulishika, maji yakapita yakinguruma. Ile sehemu iliyobomolewa ikaachwa tupu, ambayo hakuna aliyeijali kwa kuwa haikuwa na mwenyewe tena, ilimeguka yote ikaingia mtoni mchana kweupe, sisi tukitazama.

Basi sikiliza, mwanangu. Mahali utakapopewa kupanda hapatakuwa patupu, hata ukiambiwa ni patupu. Andika watu kwanza, miti baadaye. Ukiuliza swali, ngoja jibu lake, na jibu likikuchelewesha, chelewa. Karatasi yako ikiombwa na mkubwa, uliza ni ya kazi gani, hata kama chai yake ni tamu. Usiahidi jambo usiloweza kulilinda. Na siku ukikosa, maana utakosa, usinong'one kosa lako pembeni. Liseme mbele ya uliowakosea, kisha unyamaze, uwaache wakukasirikie mpaka wamalize. Atakayekusamehe, mshukuru. Asiyekusamehe, usimdai.

Nenda sasa, jua halijawa kali. Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuuona mti, akupe masikio yasiyochoka na wazee wanaorudia maneno. Mvua ikujie kwa kipimo chake, miche yako ishike, na wale utakaopanda kati yao wakuite kula, nawe ule ukiwa na moyo mweupe.